Ratiba Niliyomtungia Mtoto

Wasomaji wa gazeti hili wamezoea kuwaona walimu wakiandika juu ya hesabu, na shamba la shule, na adabu za watoto darasani. Mimi leo naomba nafasi niandike juu ya uji, na maziwa ya mama, na usiku. Wako watakaosema kwamba hayo si mambo ya mwanamume, yafaa waachiwe akina mama na wakunga. Nami nalikuwa nikisema hivyo hivyo, hata mwaka 2025 nikajiingiza katika mambo hayo bila kuitwa, nikayaharibu.

Sisi ni watu wa Shinyanga, mimi na mke wangu, na sote wawili ni walimu. Tulipangiwa kazi katika shule ya msingi mkoani Geita, upande wa Nyarugusu, ambako wachimbaji wadogo wamekaa miaka mingi wakitafuta dhahabu. Asiyefika huko hajui usiku wake. Kwetu Shinyanga usiku husikia mbwa, na pengine fisi, kisha kimya. Huku karasha zinazosaga mawe hunguruma toka magharibi hata alfajiri, pikipiki hupita zikiwapeleka watu kwenye maduara, wala mwalo haujui Jumapili. Mwalimu hulala katikati ya kelele hizo, na asubuhi mapema yuko mbele ya darasa lenye watoto wengi kuliko madawati. Sisemi haya kwa kujitetea, bali msomaji ajue usingizi una thamani gani huko.

Mungu alitujalia binti, mzaliwa wetu wa kwanza, mwezi wa Januari mwaka huo. Alikuwa na kilo 3.1, mwenye nywele nyingi na sauti kubwa. Miezi mitatu ya kwanza sikuwa na la kusema, maana mke wangu alikuwa katika likizo ya uzazi, naye ndiye aliyejua yote. Ndipo likizo ikaisha.

Hapa naomba niingize hesabu kidogo, maana ndiyo kazi yangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na siku 100 akijifungua pacha. Akirudi kazini sheria hiyo humruhusu kumnyonyesha mtoto katika saa za kazi, muda usiozidi saa 2 kwa siku. Shirika la Afya Duniani, na wizara yetu pamoja nalo, hufundisha kwamba mtoto asipewe kitu chochote ila maziwa ya mama mpaka atimize miezi 6, hata maji asipewe. Basi 180 ukitoa 84, zinabaki siku 96, na siku hizo mama ndiye anayezibeba kichwani mwake. Mama anayefanya kazi mbali na nyumbani huzibeba kwa shida kubwa. Sisi tulikuwa na bahati, kwa kuwa nyumba yetu iko hatua mia mbili kutoka shuleni, na Mwalimu Mkuu wetu alimpa mke wangu saa zake bila kusita. Binti wa shangazi yangu alikuwa akimleta mtoto wakati wa mapumziko, naye hunyonyeshwa katika chumba cha vitabu. Kwa saa zilizobaki mke wangu alikamua maziwa alfajiri katika kikombe safi chenye kifuniko, akakiweka ndani ya sufuria yenye maji ya mtungini ili yasipate joto, na mtoto akanyweshwa kwa kikombe. Sikupata kujua kabla ya hapo kwamba mtoto wa miezi mitatu aweza kunywa kwa kikombe kama mtu mzima.

Tukafika mwezi wa Julai salama. Mtoto ana miezi 6 na kilo 7.2, na katika kadi yake ya kliniki mstari wapanda vizuri katika rangi ya kijani. Mke wangu akasema, "Sasa aanze kula."

Sababu ya kuanza wakati huo niliielewa baadaye. Maziwa ya mama hayaharibiki mtoto akitimiza miezi 6, kama wengine wanavyodhani. Bado ni chakula chake kikubwa. Katika nusu ya pili ya mwaka wa kwanza huweza kumpa nusu ya nguvu anazohitaji au zaidi, na katika mwaka wa pili kama theluthi. Lakini madini ya chuma aliyotoka nayo tumboni huwa yamekaribia kwisha, na maziwa yana machache sana ya hayo. Tena mwili wake umekua, wataka zaidi. Basi chakula huja kuongeza, hakiji kufukuza maziwa. Mimi neno hilo la kuongeza sikulisikia. Nilisikia kwamba mtoto ameanza kula, nikafikiri, "Alhamdulillahi," kama wasemavyo jirani zetu, "sasa tutalala."

Nikaenda sokoni nikanunua unga wa lishe. Muuzaji alinihesabia nafaka na kunde saba zilizomo, akizitaja kwa fahari kama mtu anayetaja watoto wake. Nilinunua kwa sababu ya wingi wao. Siku hizi siununui unga wa namna ile, si kwa kumchukia muuzaji, bali kwa sababu mbili. Kwanza, mtoto akiharisha au akitoka vipele baada ya kula vitu saba kwa mara moja, hutajua ni kipi kilichomdhuru. Pili, sijui karanga na mahindi yale yalikaa wapi kabla ya kusagwa. Karanga au mahindi yakiota ukungu huweza kuwa na sumukuvu, na ikisha sagwa haionekani tena. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mwenye karanga zake mwenyewe huzichambua moja moja juu ya ungo, akatupa zilizonyauka na zilizobadilika rangi.

Tulipika uji mwepesi, maana kila mtu alituambia kwamba koo la mtoto ni dogo. Alitema siku mbili, siku ya tatu akameza. Sote tulifurahi.

Mwezi wa Agosti ulipoingia mtoto alikuwa bado akiamka mara nne usiku, pengine tano. Mke wangu alikuwa akisahihisha madaftari akisinzia, na siku moja nilimkuta amelala na kalamu nyekundu mkononi, wino umemwagika juu ya jina la mtoto wa watu. Nilimhurumia kweli, lakini nisiseme uongo katika gazeti, nilijihurumia mimi zaidi. Basi nikafanya afanyavyo mwalimu kila aonapo jambo lisilo na mpango. Nikatunga ratiba. Nikaiandika kwa rula, nikaibandika ukutani juu ya kitanda: saa 12 jioni, uji kikombe kizima; saa 2 usiku, kunyonya; kisha asipewe kitu mpaka saa 11 alfajiri. Chini yake niliandika kwamba akilia sana apewe uji katika chupa.

Mke wangu aliisoma akanyamaza. Halafu akasema, "Baba, mtoto hajui kusoma." Lakini alikuwa amechoka, akakubali.

Usiku wa kwanza sitausahau. Mtoto alilia hata jirani yetu, mchimbaji atokaye Kahama, akagonga ukuta kuuliza kama kuna mgonjwa. Tukampa uji katika chupa, akanyonya kidogo, akalia tena, akalala kwa kuchoka. Mama yake alilala huku maziwa yakimtoka, asubuhi kanga yote imelowa na matiti yamekuwa magumu kama mawe. Siku ya tatu maumivu yakapungua. Juma la pili mtoto akaamka mara mbili tu. Juma la tatu akawa haamki kabisa, au akiamka halii. Nikajisifu mbele ya walimu wenzangu. Nikawaambia kwamba mtoto naye ni mwanafunzi, hutaka kanuni.

Mwezi ule ule kilo zilikuwa 7.2, zile zile za Julai. Nikasema mizani ya kliniki ina kasoro. Mwezi wa Septemba zikawa 7.0.

Katika siku hizo lilinifikia neno ambalo kila msomaji wa Tanzania anajua uzito wake. Wanawake kisimani walikuwa wakisema mtoto wa mwalimu amebemendwa. Kwa asiyejua, watu huamini kwamba wazazi wakirudiana kabla ya wakati, au mmoja wao akienda nje ya ndoa, mtoto anyonyaye hudhoofika kwa sababu hiyo. Neno hilo halimtaji mtu, lakini huingia katika nyumba na kukaa kati ya mume na mke. Mke wangu alirudi kutoka kisimani hakusema kitu, akaweka ndoo, akaingia ndani. Usiku aliniuliza kwa sauti ndogo kama nina jambo la kumwambia. Sikuwa na jambo. Lakini nilielewa kwamba mtoto anayekonda hukondesha na mengine nyumbani.

Tukaenda kliniki pamoja, jambo ambalo wanaume wa huko hawalifanyi mara nyingi, na nilikaa katika benchi peke yangu kati ya akina mama wapatao thelathini. Muuguzi alikuwa mama mtu mzima. Aliitazama kadi, akafuata mstari kwa kifuniko cha kalamu, kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu, huyu hunyonya mara ngapi usiku?"

Nikajibu, na bado nilikuwa na majivuno, "Usiku tumemwachisha."

"Nani kawaambia?"

Sikujibu. Akamgeukia mke wangu. "Na uji wenu, mwanangu, ukiinamisha kijiko hushika au hudondoka?"

"Hudondoka kama maji," akasema mke wangu.

Muuguzi hakunigombeza. Alipima mkono wa mtoto kwa utepe, akasema kwamba bado hajafika mahali pabaya, ila njia aliyoishika inaelekea huko. Akamwambia mke wangu amrudishie mtoto ziwa usiku kila atakapo, wala asiogope kwamba maziwa yamekwisha, maana maziwa hufuata kunyonywa. Titi likinyonywa sana hutengeneza sana, na usiku kuliko mchana. Akasema uji uwe mzito, na chupa itupwe, kwa sababu haioshiki vizuri na huleta kuhara. Na akaongeza neno moja kwa mke wangu pembeni, nami nikalisikia. Mama anayenyonyesha mchana na usiku, asiyempa mtoto kitu kingine, na ambaye hajaanza kuona siku zake, katika miezi 6 ya kwanza huwa ni vigumu sana kushika mimba. Wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, mwaka 1988 walikubaliana hivyo. Lakini sisi mtoto amekwisha vuka miezi hiyo, anakula, na tumekata kunyonya kwa usiku. Ulinzi huo haupo tena. "Msije mkashangaa," akasema.

Jioni ile nilichukua chaki na ubao mdogo nitumiao kufundishia jirani, nikaketi kuhesabu. Maziwa ya mama hutoa kilokalori zipatazo 650 au 700 kwa lita 1. Kikombe cha robo lita basi ni kama 165. Unga mkavu wa nafaka, gramu 100, hutoa kama 350. Nikaupima unga tuliokuwa tukitia katika kikombe cha uji: gramu 15. Ukizidisha unapata 52 na nusu. Tena tumbo la mtoto mchanga, kama wasemavyo wataalamu, huchukua gramu zipatazo 30 kwa kila kilo ya mwili wake. Kwa kilo 7 ni 210, kikombe kisichojaa. Nilikuwa nimelijaza tumbo hilo maji yaliyochanganywa na unga kidogo, likawa limeshiba na mwili una njaa. Mtoto wa miezi 6 hata 8 huhitaji kilokalori kama 200 kwa siku kutoka katika chakula, juu ya maziwa anayonyonya sawasawa; akifika miezi 9 ni kama 300. Mimi kila usiku nalimnyang'anya 165, nikamlipa 52, na nikaibandika hati ya malipo hayo ukutani.

Nikaifuta ile hesabu kabla mke wangu hajaiona, kisha nikaona ni ujinga, nikaiandika upya nikamwita. Aliitazama sana. Akabandua ratiba akaitia jikoni.

Juma lile lile mama yangu mzazi akaja. Alitoka kijijini kwetu Shinyanga akapitia Mwanza. Zamani safari hiyo ilikuwa na kungoja kivuko cha Kigongo na Busisi, na mtu aliweza kupoteza nusu ya siku. Lakini daraja lilikuwa limefunguliwa mwezi wa Juni, akavuka ghuba akiwa ndani ya basi, na alilalamika kwamba gari lilikwenda mbio hata hakuyaona maji vizuri. Aliposhuka alimpokea mjukuu, akamweka pajani, akamshika paja kwa vidole viwili.

"Baba," akaniambia, "mtoto huyu ana njaa."

Nisimfanye mama yangu malaika. Alipoambiwa kwamba mtoto hakupewa uji mpaka miezi 6, alishangaa, akasema mimi nilipewa nikiwa na miezi miwili, na tazama, nimekuwa mwalimu. Alitaka pia kumkoga mtoto kwa dawa za mizizi, mke wangu akakataa kwa adabu, na siku mbili hawakuzungumza sana. Lakini katika uji alikuwa na elimu ambayo mimi na cheti changu hatukuwa nayo. Alitia mkono katika mzigo wake akatoa mfuko wa ulezi, akauloweka usiku mmoja, akaumwaga maji, akautandaza juu ya gunia safi na kuufunika. Siku ya tatu umeota. Akauanika juani mpaka ukakauka, akaupekecha ili vimelea vitoke, akausaga. Ni kimea, kile kile cha pombe, na kila nyumba ya Kisukuma inakijua. Nilimuuliza kwa nini hakutumia mtama tulio nao tele. Akanikumbusha ng'ombe waliokufa tulipokuwa wadogo baada ya kula mtama uliochipua upya shambani wakati wa ukame. Chipukizi za mtama zina sumu. Mchungaji anajua hayo kabla ya kujua kuandika.

Kisha akapika uji mzito, mzito kama ugali mlaini, ambao mtoto asingeweza kuumeza. Akauepua, akaungoja upoe kidogo, akatia kijiko kimoja cha unga wa kimea akakoroga. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mbele ya macho yangu uji ule ukalegea, ukawa wa kunyweka, wala hakutia tone la maji. Akaurudisha motoni uchemke tena kidogo, akaushusha. Unga uliokuwamo ulikuwa gramu 50 kwa kikombe, si 15.

Baadaye nilisoma kwamba jambo hili lina historia. Wachunguzi wa Taasisi yetu ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, pamoja na wenzao wa Sweden, waliandika juu ya unga wa nafaka zilizooteshwa mwaka 1983. Mbegu inapoota hutengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga ili mche upate chakula. Ukikitia katika uji wa vuguvugu huvunja wanga wa uji vile vile, na maji yaliyokuwa yamefungwa humo huachiliwa. Uji ukiwa unatokota kimeng'enya hufa, ndiyo maana mama alingoja upoe. Alipoulizwa sababu alisema tu kwamba ukitia katika uji wa moto "hakishiki".

Chakula kingine kikafuata pole pole, kimoja baada ya siku kadhaa. Dagaa wa ziwani, walioanikwa mchangani, mama aliwaosha maji manne, akawakausha tena kikaangoni, akawatwanga wakawa unga. Kijiko kimoja katika uji hutoa madini ya chuma ambayo maziwa hayana. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vilivyoenezwa sana katika mikoa ya Kanda ya Ziwa kwa ajili ya vitamini A, vilipondwa na maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa. Yai lilipikwa likaiva kabisa. Mchicha, choroko zilizochujwa maganda, karanga zilizochambuliwa na kusagwa. Hakuna chumvi wala sukari. Na asali, ambayo kwetu Shinyanga hupendwa sana, hairuhusiwi kabisa kabla ya mwaka mmoja, kwa kuwa huweza kubeba vijidudu vyenye sumu kali kwa mtoto mchanga. Mwezi wa Oktoba mizani ile ile niliyoisingizia kasoro ikasema 7.6.

Nililifikiri sana lile neno la kisimani. Mwaka 1933 daktari mwanamke, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi iliyoitwa wakati huo Pwani ya Dhahabu, ambayo sasa ni Ghana, aliandika juu ya watoto waliovimba miguu na kubadilika nywele, wengi wao walioachishwa ziwa kwa sababu mdogo wao amezaliwa, wakalishwa uji wa mahindi tu. Alilichukua jina la ugonjwa huo kutoka kwa akina mama wenyewe, katika lugha ya Kiga: kwashakoo, ugonjwa wa mtoto anayepokonywa nafasi. Wale akina mama wa Ghana na hawa wa kisimani kwetu waliona kitu kimoja: mtoto akiondolewa ziwani mapema hudhoofika. Walichokosea wa kwetu ni kutafuta mwenye dhambi mahali pa kutafuta chakula. Nami siwezi kuwalaumu sana, maana mwenye dhambi kweli alikuwapo, ila si ya namna waliyodhani. Mke wangu aliwaambia yote waziwazi kisimani, hata ratiba. Wakacheka siku nyingi, na neno lile halikusikiwa tena.

Kuna mama mmoja ambaye kwa habari yake nilitaka niandike zaidi kuliko habari yangu. Mtoto wake mkubwa yuko darasa la tatu kwetu. Yeye hufanya kazi mwaloni, huponda mawe na kuchenjua, na mdogo yuko mgongoni. Aliposikia kwamba walimu wamepata shida ya kunyonyesha, alikuja nyumbani usiku kuuliza kama maziwa yake yana sumu, kwa kuwa anashika zebaki kwa mikono na mume wake huichoma jikoni ili ibaki dhahabu. Mke wangu alimpeleka kwa muuguzi. Habari ya kweli ni hii. Umoja wa Mataifa ulipima watu wa Rwamagasa, hapa hapa Geita, mwaka 2003, na mwaka 2008 yakaandikwa matokeo ya kupima maziwa ya akina mama wa machimbo ya Tanzania na nchi nyingine: wengi walikuwa na zebaki kidogo, bali wachache walikuwa nayo nyingi ya kutisha. Tanzania iliridhia mwaka 2020 ule Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki, uliofanywa mwaka 2013. Lakini mkataba haujafika katika jiko la yule mama. Muuguzi alimwambia aendelee kunyonyesha, maana kumwachisha mtoto na kumpa maji ya machimboni ni hatari nyingine kubwa. Ila zebaki isichomwe kabisa ndani ya nyumba, aiache kazi ya kuishika, na mtoto asipelekwe mwaloni. "Nimwache kwa nani?" akauliza. Muuguzi akanyamaza, na sisi tukanyamaza. Sheria ya siku 84 haimjui mama huyu, wala ile ya saa 2. Sasa mtoto wake hukaa kwetu asubuhi pamoja na binti yetu, chini ya macho ya binti wa shangazi, naye huja kumnyonyesha saa 4 baada ya kunawa na kubadili nguo. Ni mmoja tu. Wengine mgongoni mwa mama zao nawaona kila siku nipitapo.

Narudi kwenye usiku. Mtoto alipotimiza miezi 9, naye anakula mara tatu kwa siku, nusu kikombe kila mara na kitafunio katikati, muuguzi alisema kwamba sasa, kama mama amechoka, kunyonya kwa usiku kunaweza kupunguzwa taratibu, si kukatwa, na mizani ndiyo itakayotuambia. Mchana mke wangu akaongeza kunyonyesha, kwa maana mchana mtoto huyu alikuwa ameanza kutazama kuku na kusahau ziwa. Kabla ya kulala alinyonya pande zote mbili bila haraka. Na usiku tukachagua mwamko mmoja katika minne, ule wa saa 6, tukauacha ule mitatu. Mwamko huo ukawa wangu.

Nilidhani akishiba ataacha kuamka. Sivyo. Aliyeshiba mchana hunyonya kidogo usiku, lakini kuamka huamka, kama sisi tuamkavyo tukageuka upande. Alichotaka saa 6 mara nyingi ni mtu. Basi nalimfunga mgongoni kwa kanga ya mama yake, nikatembea sebuleni toka mlango hata dirisha, karasha zikinguruma huko nje, nikimwimbia jedwali la saba kwa kuwa nyimbo za watoto sizijui. Usiku wa kwanza alilia nusu saa, nami sikumwacha peke yake. Wa tano akalala tulipofika 7 mara 6. Usiku mmoja yule jirani wa Kahama alinikuta uani na kanga mgongoni, akaniangazia tochi, akaizima, akasema, "Samahani, mama," akaenda zake. Hakurudia, lakini wachimbaji wote wa upande ule walikuwa wamekwisha jua.

Baada ya majuma mawili tukauchukua mwamko wa pili. Mwezi wa Desemba akapata mafua makali, akataka ziwa usiku kucha, akapewa, na tulianza upya alipopona. Mama yangu alikuwa amekwisha rudi Shinyanga. Alituachia mfuko wa kimea na maagizo mengi. Kanisani alituambia kwamba Ibrahimu alifanya karamu kubwa siku Isaka alipoachishwa ziwa, naye anataka ng'ombe siku ya mjukuu wake. Nikamkumbusha kwamba siku hiyo bado iko mbali, maana tumekubaliana anyonye hata miaka miwili. Akasema basi nina muda wa kumnunua huyo ng'ombe.

Januari mwaka 2026 alitimiza mwaka mmoja, kilo 8.8. Huamka mara moja, karibu na saa 10, karasha zinapobadilishana zamu. Mwamko huo mke wangu hakubali niuguse. Asema ndiyo saa pekee ambayo hakuna anayemwita mwalimu. Nami nikisikia mtoto anaanza kuguna, nageuka upande wa ukutani, pale ambapo ratiba iliacha alama ya gundi, nikalala.